Stroberi za Mama Mudogo

Kindu haioteshi stroberi. Mji wetu umelala ukingoni mwa Lualaba, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mahali pa chini penye unyevu mwingi, na mchana joto hupita nyuzi 30 hata wakati wa kiangazi. Mche wa stroberi unataka usiku wa baridi. Ukitaka kuuona shambani inabidi upande milima ya Kivu, pande za Kabare na kandokando ya Ziwa Kivu, ambako maji ya ziwa lenyewe yako karibu mita 1,460 juu ya bahari na watu hujifunika blanketi mwezi wa Julai. Huko Bukavu akina mama huziuza barabarani kwenye ndoo na vikapu, na huko ndiko anakoishi Mama Mudogo, mdogo wake mama yetu, mwanamke ambaye hajawahi kuingia nyumba ya ndugu yake mikono mitupu.

Agosti 2023 mdogo wangu wa kike alikuwa anatolewa mahari. Wakwe walikuwa wanatoka Kasongo, watu wa dini na wa heshima zao, na nyumba yetu nzima ilikuwa imeshikwa na shughuli: kuku, mchele, viti vya kuazima, sare za kitenge za akina mama. Mama Mudogo akapiga simu. "Yaya, mimi nakuja na frezi. Tutawatengenezea wakwe kokteli. Warudi kwao wakihadithia." Frezi ndilo jina letu la stroberi. Mama alifurahi mpaka akatafuta kiti. Shangazi, dada yake baba, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa uuguzi, aliuliza swali moja tu: "Na barafu itatoka wapi?"

Siku ile hakuna aliyemjibu.

Kokteli aliyoitaka Mama Mudogo ni daiquiri ya stroberi. Aliionja katika harusi moja kando ya ziwa, akamfuata mhudumu hadi jikoni, akaandikiwa kila kitu kwenye karatasi ambayo aliitunza ndani ya Biblia yake. Asili ya kinywaji hicho ni Kuba. Inasimuliwa kwamba Jennings Cox, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye migodi ya chuma karibu na Daiquirí, si mbali na Santiago de Cuba, alikichanganya mwishoni mwa karne ya 19 kwa vitu vitatu: romu, ndimu na sukari. Baadaye Constantino Ribalaigua, wa baa ya El Floridita jijini Havana, akakipatia jina kubwa kwa barafu iliyosagwa, na mashine za kusagia zilipoenea majumbani watu wakatia na matunda. Stroberi nayo ni msafiri. Hii kubwa tunayoijua leo ilizaliwa Ulaya katika karne ya 18, pale mche wa Chile, ambao Mfaransa Amédée-François Frézier aliupeleka kwao mwaka 1714, ulipokutana na mche wa Amerika ya Kaskazini.

Nayasema haya kwa sababu wapo waliotucheka, wakasema kokteli ni mambo ya Kinshasa na ya Ulaya, Kindu tunywe chai na bia. Sikubaliani nao hata kidogo. Maniema, mkoa wetu, nayo ni nchi ya joto na ya migodi. Kule Kalima kumechimbwa kasiteriti tangu wakati wa Wabelgiji. Miwa tunayo, ndimu tunazo. Kinywaji kilichobuniwa na watu waliokuwa wakitokwa jasho kina kila haki ya kunywewa kwetu, na mama aliyelea binti mpaka akaposwa ana haki ya kuwapa wageni wake kitu kizuri kuliko vyote anavyoweza kuvipata. Mama Mudogo alikuwa sahihi tangu mwanzo, na yote yaliyofuata hayajanibadilisha mawazo.

Stroberi zilichumwa asubuhi, zikateremshwa Bukavu, zikavuka ziwa kwa boti hadi Goma, zikalala huko, ndipo zikapanda ndege ya Kindu. Ndege ikachelewa. Kartoni ikakaa juani pamoja na mizigo mingine, na Mama Mudogo akiwa upande wa pili wa ukuta hakuweza kuifikia. Tofauti na ndizi au embe, stroberi ikishachumwa haiivi tena. Kuanzia hapo safari yake ni moja tu, kuoza. Ngozi ni nyembamba mno, ndani karibu yote ni maji, na moja ikishikwa na ukungu wa kijivu inawaambukiza jirani zake wote. Katika baridi ya Kabare zingevumilia. Katika jua la uwanja wa ndege zilianza kujitafuna zenyewe.

Alifika kwetu kwa pikipiki, kartoni ikiwa katikati yake na dereva, na mgongo wa shati la dereva ulikuwa mwekundu kuanzia mabegani hadi kiunoni. Watoto wa mtaa walikuwa wanakimbia nyuma. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona shati, akapiga ukelele. "Hapana kulia, Yaya," Mama Mudogo akamwambia akishuka. "Ni frezi. Huyu baba hana kidonda." Tulimlipa dereva nauli pamoja na pesa ya sabuni. Akaomba aonje moja. Alifumba macho akiila, akasema ni chungu na ni tamu, akaomba nyingine ya mke wake.

Hapo Shangazi akashika usukani. Alitandika mkeka chini ya mwembe, akaweka mabeseni, akaamuru maji yachemshwe na yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa. Hakuna stroberi iliyogusa maji ya bidoni moja kwa moja. Tunda hili huota karibu na udongo, linaliwa bichi na halimenywi, kwa hiyo chochote kilichomwagika shambani au sokoni kinakwenda nalo hadi mdomoni. Na sisi wa kando ya Lualaba kipindupindu tunakijua kwa macho. Kimepita Kindu, kimepita Alunguli ng'ambo ya mto, na Shangazi aliwahi kukesha na wagonjwa wake, ndoo kando ya kila kitanda. Anaposema maji yachemke, yanachemka. Mama Mudogo alikuwa anaona saa zinakwenda na stroberi zinalainika, akataka zioshwe haraka haraka. Shangazi hakuinua hata sauti. "Mahari ya mtoto wetu haitamaliza mtu hapa."

Zilizobaki nzima na ngumu zilikuwa kidogo, beseni dogo tu. Hizo Shangazi alizitandaza kwenye sahani pana, akazikalisha ndani ya mtungi wa udongo, akafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa na kuuzungushia kingine kibichi kilicholowa, akauweka penye upepo. Maji yanapokauka juu ya udongo yanaondoka na joto. Bibi zetu walipoza maji ya kunywa hivyohivyo kabla ya frigo kufika. Zilizolainika, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, zilitakiwa zisagwe siku hiyohiyo. Zilizoota ukungu walitupiwa kuku.

Mikseri ilikuwa ya kuazima kwa jirani. Umeme siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka, na tulisubiri hadi jioni. Ulipokuja, Mama Mudogo akajaza jagi, akabonyeza, mashine ikaanza kuimba vizuri kabisa. Kisha taa zikang'aa ghafla kuliko kawaida, mikseri ikapandisha sauti, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya mpira, ikanyamaza. Nyumba nzima ikawa giza. Baba akawasha tochi ya simu, akamulika jagi. Juu ya rojo jekundu ulikuwa umetanda utando wa masizi. Jagi lile lote likamwagwa, na jirani tukabaki na deni lake, ambalo baba alilipa mwezi uliofuata bila kunung'unika.

Basi kinu kikatoka. Si kile cha sombe, maana mti wake umekunywa mafuta ya mawese na vitunguu kwa miaka, bali kinu kidogo kipya ambacho Shangazi alikuwa amekinunua akitegemea kumpa bibi harusi. Tulikitia maji ya moto, tukaanza kutwanga polepole. Na hapa nina la kusema kwa yeyote mwenye mikseri nzima: mchi ni bora. Zile chembe zilizo juu ya ngozi ya stroberi, mashine inazivunja na kuacha uchungu na mchanga kwenye ulimi; mchi unaponda nyama na kuziacha chembe nzima, kisha chujio linazikamata. Rojo letu la kinu lilikuwa laini na harufu yake ilijaa ua mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Mama Mudogo alikaa juu ya kigoda, jasho likimtiririka, akisema hata kule ziwani hawakuwa na la namna hii.

Zikabaki hoja mbili, sukari na pombe.

Kuhusu sukari, Mama Mudogo alitaka kilo kwa kilo. Mama akakataa, sukari yake ilikuwa imepimwa kwa ajili ya chai ya wageni. Wakakubaliana robo. Shangazi naye akataka rojo lichemshwe. Mama Mudogo akakataa kabisa: stroberi iliyochemka inageuka jamu na ile harufu ya ubichi inakwenda na mvuke. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli, na walivyopatana ndivyo ndugu wanavyopatana, kwa kila mmoja kuachia kidogo. Rojo likabaki bichi, na sukari ikabaki kidogo. Sukari nyingi sana ingelitunza rojo kwa kuvinyonya maji vijidudu vya chachu mpaka visiweze kufanya kazi, na moto ungeviua. Sukari kidogo bila moto ni karamu yao.

Kuhusu pombe, mabishano yalikuwa makali zaidi. Karatasi ya Mama Mudogo ilisema romu, na romu madukani bei yake ilitutoa pumzi. Baba Mudogo, mdogo wake baba, mtu mkarimu asiyekosa njia, akaja na bidoni ya lotoko iliyopikwa na rafiki yake kijijini kwa mahindi na mihogo. "Ni kitu kimoja," akasema. "Yote inalewesha." Shangazi akaifungua, akanusa, akaifunga, akamrudishia. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku lotoko, na watu wameendelea kuipika mpaka leo. Hoja ya Shangazi haikuwa sheria. Lotoko hakuna anayepima nguvu yake, na hakuna ajuaye pipa lilikuwa na nini kabla. Aliwahi kuwapokea watu waliopoteza macho. Baba Mudogo hakumbishia. Wote katika ukoo wetu wanajua mahali ambapo ubishi na Shangazi unaishia.

Lakini hoja kubwa ilikuwa ya Mama. Wakwe ni Waislamu. Maniema hatuhitaji kufundishwa jambo hili; Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip na wafanyabiashara wa pwani tangu karne ya 19, dini ikabaki pale walipoondoka, na karibu kila ukoo mkubwa wa hapa una msikiti upande mmoja na kanisa upande mwingine. "Nikimpa mukwe wangu bilauri, anywe bila kuuliza," Mama akasema. "Akiuliza tu, nimeshapata haya." Ikaamuliwa kokteli ya meza kuu iwe ya matunda matupu: stroberi, ndimu, nanasi, tangawizi. Romu chupa moja, iliyonunuliwa kwa mchango wa wajomba, ikae meza ya mbali na jagi lake peke yake. Naona huo ndio uamuzi bora uliofanyika katika shughuli nzima, na ulitolewa na mtu ambaye hajawahi kuionja hiyo daiquiri.

Rojo lilihitaji vyombo. Baba Mudogo, akitaka kujirekebisha, alileta chupa tupu za bia, zile kubwa, akasema amekwisha kuziosha. Tukazijaza hadi shingoni, tukazifunga kwa magunzi yaliyokatwa na kuzungushiwa nailoni, tukayagongea kwa mti ili nzi wasiingie. Tukazipanga depo, chumba kidogo karibu na ukumbi, juu ya meza. Ukutani juu yake zilikuwa zimetundikwa sare za akina mama, zimepigwa pasi, tayari.

Chupa zile zilikuwa za malafu. Baba Mudogo huchukulia humo divai yake ya mitende kila Jumapili, na kuosha kwake ni kutia maji baridi, kutikisa na kumwaga. Chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki, chachu ya malafu ilikuwa bado hai. Tukaipa stroberi, tukaipa sukari kiasi inachokipenda, tukaiacha usiku kucha na mchana kutwa katika joto la Kindu, na mlango tukaufunga.

Ilikuwa usiku wa kuamkia mahari, saa nane hivi. Nyumba imejaa, watu wamelala mpaka ukumbini. Ukasikika mlio mmoja, mkavu, na papo hapo kishindo kwenye bati. Kisha wa pili. Kisha mitatu kwa mfululizo.

"Chini! Wote mulale chini!" Ilikuwa sauti ya baba. Hakuna aliyeuliza. Watu wa rika lake walikuwa Kindu Oktoba 1998, waasi wa RCD walipouteka mji, na waliishi miaka iliyofuata, mji ukiwa umezingirwa na wapiganaji wa Mai-Mai, njia za mashambani zikiwa zimefungwa na chakula hakipatikani. Mwili unajifunza mambo kama hayo mara moja na hausahau. Nilisikia watu wazima wakidondoka kutoka vitandani. Nilisikia Mama akiwaita watoto mmojammoja kwa majina gizani, na kila mmoja akiitika kutoka sakafuni, hadi majina yakakamilika. Mlio mwingine, bati tena. Bibi harusi alikuwa ameushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Kisha kimya. Halafu mwanga wa tochi ya mtu ukaangukia mlango wa depo, na chini ya mlango ulikuwa unatoka mfereji mwekundu, unatambaa polepole kuelekea mikekani.

Mama Mudogo ndiye aliyelia kwanza, maana alijua mpwa wetu mdogo hupenda kulala depo kwenye magunia. Shangazi akatambaa kwa magoti na viwiko, tochi mdomoni, mpaka kwenye ule mfereji. Akatia kidole. Akanusa. Akainuka, akasimama wima, mzee yule wa miaka sabini na ushee, akafungua mlango.

"Amukeni. Ni frezi."

Mtoto hakuwa humo. Alikuwa kwa wajomba, ng'ambo ya ua, bado amelala. Ndani ya depo magunzi yalikuwa yametawanyika kila pembe. Bati lilikuwa linadondosha matone. Chupa mbili zilikuwa zimepasuka kabisa, nyingine zilikuwa zinamwaga povu la waridi kwa shingo, bila haraka. Majirani walikuwa wameshafika nje, mmoja na panga, mwingine na rozari, na baba akawaeleza uani kwa sauti ya chini. Hakuna aliyecheka mpaka walipoambiwa mara ya pili. Kisha mtaa mzima ukacheka, kicheko cha watu waliorudishiwa roho, na Baba Mudogo akaomba radhi kwa kila mmoja kwa jina lake.

Sare ndizo zilizoniuma. Nguo saba za kitenge, mistari ya dhahabu juu ya krimu, zote zimerushiwa madoa. Shangazi mdogo alikimbilia ya kwanza na sabuni ya mawese, akasugua, na doa jekundu likageuka buluu ya kijivu mbele ya macho yetu. Rangi ya stroberi ndivyo ilivyo: kwenye uchachu inabaki nyekundu na inaachia, kwenye sabuni inageuka buluu na kung'ang'ania. Shangazi akamnyang'anya nguo. "Ndimu na maji ya baridi. Sabuni baadaye." Tulikamua ndimu hadi alfajiri, wanawake wote wa nyumba tumekaa uani tukizunguka mabeseni, tukisugua na kusuuza. Sita zilitakata, au karibu. Ile ya kwanza haikutakata, na Mama Mudogo aliivaa yeye, kwa hiari yake, doa la buluu likiwa begani.

Kulipokucha barafu nayo ikafika, na swali la Shangazi likapata jibu. Yeye mwenyewe alikuwa amechemsha maji siku mbili kabla, akayatia mifuko safi, akampelekea mtu wa konjelateri karibu na soko, akamlipa nafasi. Hakununua barafu ya kawaida kwa kuwa kugandisha hakuui kipindupindu. Maji machafu yakiganda yanakuwa barafu chafu. Alihofia barafu yake itayeyuka njiani, kwa hiyo aliagiza gunia la makapi ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa, akaifukia humo. Maniema ni nchi ya mpunga, makapi hayana bei, na joto hayapitishi kirahisi. Mifuko ilitoka kwenye gunia migumu, ikifuka mvuke.

Wakwe walipoketi, wazungumzaji wa pande mbili walipomaliza kupimana maneno, na mbuzi, jembe, vitenge na bahasha vilipopokelewa, vinywaji vikatoka. Bilauri ya nanasi lililotwangwa na tangawizi, ndimu, maji yaliyochemshwa, barafu; na juu ya kila moja, stroberi nzima kutoka kwenye mtungi, iliyopasuliwa kidogo ikakaa ukingoni. Mtungi ulikuwa umezitunza. Zilikuwa baridi, zimekakamaa, hata kikonyo cha kijani kilikuwa hakijanyauka. Mzee wao, aliyevaa kanzu nyeupe, akaichukua bilauri mkononi mwa Mama, akasema bismillah, akanywa bila kuuliza. Kisha akaitoa stroberi, akaizungusha, akauliza ni mti gani unaozaa tunda hili. Mama Mudogo akamsogelea, akamweleza habari za Kabare, baridi yake, udongo wake mweusi, akina mama wanaoinama mashambani asubuhi umande ukiwa haujakauka. Walizungumza muda mrefu. Mzee alitia vikonyo mfukoni, kwa wajukuu.

Wajomba nao walikunywa daiquiri yao pembeni, na Baba Mudogo akamimina kilichobaki kwenye chupa zake, kile chenye povu. Alisema ni kitamu. Shangazi alikionja kwa ncha ya ulimi, akatangaza kwamba hicho si kokteli tena, ni divai changa, kisipewe watoto.

Mdogo wangu sasa yuko Kasongo na ana mtoto. Mama Mudogo bado yuko Bukavu. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, katikati ya Februari vikafika Bukavu, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na ile njia ya ziwa na ndege iliyotuletea kartoni ikakatika. Tunaongea naye kwa simu mtandao unapokubali. Anasema frezi bado zinauzwa barabarani, bei imepungua kwa kuwa wa kuzisafirisha hawapo, na akina mama wanarudi nyumbani jioni na ndoo nusu.

Wewe uliye Bukavu, au popote karibu na milima hiyo, wanunulie. Uzile siku hiyohiyo, au uzitwange zikiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Maji yachemke, ya kuoshea na ya barafu. Ukitaka kuzitunza kwa siku kadhaa, tia sukari kwa uzito wake au zipitishe motoni, wala usizibe chupa kwa nguvu. Na chupa iliyowahi kubeba malafu, ichemshe kwanza.